Kupima kipokezi cha G-CSF kwenye damu ya kitovu

G-CSF ni protini ya mwili inayouamuru uboho utengeneze neutrofili, seli nyeupe zinazopigana na vijidudu, na hata neutrofili iliyokwisha komaa huisikia, ikaishi muda mrefu zaidi. Huisikia kwa kipokezi kilicho juu ya utando wake, CD114. Kwa mtoto mchanga, ambaye akiba yake ya neutrofili huisha upesi akipata maambukizi, kipokezi hiki kina mengi ya kutueleza. Vijana wanaokuja kwangu maabara hukimbilia mashine ya kusoma mng'ao wa seli (flow cytometer). Mimi huwarudisha leba.

Ongea na mama mapema, si wakati anasukuma. Mimi husema: "Mama, tunaomba damu inayobaki kwenye kondo. Mtoto hatachomwa sindano." Usimharakishe mkunga kukata kitovu; WHO inashauri asikate kabla ya dakika 1, na damu ile ni ya mtoto kwanza. Wewe unahitaji mililita 2 tu.

Futa kitovu vizuri kwa shashi, damu ya mama isiingie. Utaona mishipa mitatu: miwili myembamba na migumu, na mmoja mpana, laini. Huo mpana ndio vena; choma hapo, vuta polepole. Usikamue kitovu, maana ute wake utaingia na damu itaganda. Tia kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye dawa ya kuzuia damu kuganda (EDTA), igeuze taratibu mara 8. Andika saa, amejifungua kawaida au kwa upasuaji, alikuwa na homa, alichomwa deksamethasoni au la. Yote hayo hugusa neutrofili.

Kisha kimbia maabara. Siku moja niliacha chupa tatu karibu na dirisha lenye jua, nikaenda kupokea sampuli nyingine. Niliporudi CD11b, alama ya neutrofili iliyoshtuliwa, ilikuwa imepanda na seli zilizokufa zilikuwa tele. Damu ya akina mama watatu walioniamini ilipotea, na hadi leo inaniuma.

Chukua mikrolita 100. Tangulia kuziba vipokezi vya Fc, vile vinavyoshika mkia wa kingamwili yoyote, kwa dakika 10, la sivyo monositi, aina nyingine ya seli nyeupe, zitanasa kingamwili ovyo. Weka kingamwili zenye rangi za kutambua CD45 (seli nyeupe zote), CD15 (neutrofili), CD14 (monositi) na CD114. Hiyo ya mwisho ipe rangi inayong'aa kuliko zote, kwa sababu vipokezi vyenyewe ni vichache kwa kila seli. Dakika 30, gizani, nyuzi 4. Andaa na chupa ya pili yenye kila kitu isipokuwa CD114. Bila hiyo hujui mstari wa kutenga seli zenye CD114 na zisizo nayo uuchore wapi. Chembe nyekundu za mtoto mchanga ni sugu kwa dawa ya kuzipasua, na baadhi bado zina kiini, hivyo zichuje kwa CD45.

Usiripoti asilimia pekee. Karibu neutrofili zote zina kipokezi. Swali ni kingi kiasi gani, kwa hiyo soma wastani wa kati wa mng'ao. Ukikuta umeshuka, usiseme mtoto ni dhaifu. G-CSF ikishika kipokezi, seli hukimeza, kwa hiyo huenda mtoto yuko vitani tayari. Plazma ya chupa ileile igandishe nyuzi -80, upime G-CSF yenyewe kabla hujaandika neno.