Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Matembezi ya Kikundi ya Jumamosi

Matembezi ya kikundi yakiharibika, huharibikia nyuma. Wa mbele wana pumzi, njia wanaijua, picha wanapiga. Anayeshika mkia ndiye anayevuka barabara peke yake wenzake wakiwa wameshapita, ndiye anayefika kituoni maji yameisha, na ndiye ambaye Jumamosi inayofuata haonekani. Mimi ni mratibu wa kikundi cha mtaani hapa Dar es Salaam, na mengi ninayoyaandika hapa nimejifunza kwa kumwangalia huyo wa mwisho.

Mwishoni mwa mwaka 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza wananchi kufanya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi ili kujikinga na magonjwa yasiyoambukiza. Vikundi vya jogingi vilikuwepo jijini hata kabla ya hapo. Lakini kutembea huleta watu wengine kabisa: mama wa miaka 60 mwenye presha, mzee aliyeambiwa na daktari apunguze uzito, dada aliyejifungua miezi michache iliyopita. Hao hawaji kukimbia. Na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, sawa na nusu saa kwa siku tano. Siku moja ya kikundi haiwezi kuzijaza. Kazi yake ni kumpa mtu moyo wa kutoka tena Jumatatu peke yake, na hatatoka kama Jumamosi alirudi nyumbani ameumia au ameaibika.

Anza na njia. Mratibu aipite mwenyewe kwa miguu, siku ileile ya wiki na saa ileile, si kwa bodaboda Jumatano jioni. Angalia mitaro isiyo na mifuniko, mbwa wanaofunguliwa alfajiri, mahali daladala zinapopanda ukingo wa barabara kuwahi abiria. Hesabu mwanga pia. Dar es Salaam mwezi Novemba jua huchomoza kama saa 12 kasoro dakika 5, lakini Julai ni saa 12 na nusu imeshapita. Kikundi kilichozoea kuanza saa 11 na nusu alfajiri kwa sababu Novemba kulikuwa na mwanga, Julai kitakuwa kinatembea gizani zaidi ya nusu saa bila mtu kukumbuka kwamba ratiba ilitakiwa kubadilika.

Njia nzuri kwa kikundi chenye wageni ni ya mduara, yenye pa kutokea mapema. Najua wengi wanapenda Daraja la Tanzanite tangu lilipofunguliwa mwaka 2022, na mimi nalipenda: upepo wa bahari, njia ya waenda kwa miguu. Ila lina urefu unaozidi kilomita 1, na ukishafika katikati hakuna kivuli, hakuna choo, hakuna pa kukatisha. Aliyechoka pale hana budi kumaliza au kurudi alikotoka. Mpeleke mtu huko akiwa ameshatembea nanyi wiki nne au tano.

Kuvuka barabara kunahitaji hesabu. Watu 40 wakijipanga wawili wawili ni safu ya kama mita 30, na kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa safu hiyo inahitaji zaidi ya nusu dakika kumaliza kuvuka barabara ya njia mbili. Hakuna dereva wa bajaji atakayesubiri nusu dakika kwa hiari yake. Ndiyo maana tunavuka kwa mafungu ya watu kumi, kila fungu na kiongozi wake, na hakuna anayeondoka upande wa pili mpaka fungu la mwisho limefika. Wa mbele na wa nyuma kabisa wavae vizibao vya reflekta, vilevile vya bodaboda. Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, tembeeni upande wa kulia, mmoja nyuma ya mwingine, ili magari yanayokuja myaone usoni. Kundi likiwa kubwa na njia ikigusa barabara kuu, toeni taarifa mapema ofisi ya serikali ya mtaa na kituo cha polisi.

Sasa afya, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Tuna daftari la kawaida la shule. Kila anayejiunga huandikwa jina, simu ya ndugu wa kumpigia, na kama ana presha, sukari, pumu au aliwahi kupata tatizo la moyo. Daftari analisoma mratibu na yule wa huduma ya kwanza tu. Halipigwi picha, halitajwi kwenye kikundi cha WhatsApp. Mtu akijua siri yake itatunzwa, atasema ukweli.

Daftari hilo tulilianzisha tukiwa tumechelewa. Asubuhi moja, kama kilomita ya pili, mama mmoja alikaa chini kwenye ukingo wa barabara bila kusema kitu. Nilidhani anafunga kamba ya kiatu. Nilipoinama nikaona khanga imelowa jasho kifuani, na mikono inatetemeka kiasi kwamba kamba ya kiatu ilikuwa inamtoka vidoleni. Nilimuuliza jina lake, akanitajia la mwanawe. Kumbe alikuwa amejidunga insulini alfajiri, kisha akaacha kunywa chai kwa sababu jirani alimwambia kutembea na njaa kunapunguza mwili haraka. Sukari ilikuwa imeshuka. Tulikimbilia duka la karibu tukapata soda, ile ya kawaida yenye sukari, akainywa kidogo kidogo, na baada ya kama robo saa akaanza kutuuliza kwa nini tumemzunguka.

Tangu siku hiyo, anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari anaombwa amuulize daktari wake mapema ale nini na atumie dawa vipi siku ya matembezi. Hakuna anayeanza na tumbo tupu, na mfuko wa huduma ya kwanza hauondoki bila soda na pipi. Aliyepoteza fahamu hapewi kitu mdomoni; huyo ni wa hospitali moja kwa moja. Mwenye presha anywe dawa zake kama kawaida, asiziache kwa kuogopa kwenda haja njiani. Mwenye pumu aje na pampu yake mfukoni, si kwenye gari la rafiki. Na yeyote ambaye siku za karibuni amebanwa kifua, ameishiwa pumzi kwa kazi ndogo au amepata kizunguzungu, aende kwanza kwa daktari. Sisi tumekubaliana na dereva mmoja wa bajaji wa mtaani awe na simu hewani kila Jumamosi mpaka tumalize, na nauli yake inatoka kwenye mchango.

Viatu havihitaji kuwa vipya. Raba za mtumba zinafaa sana, ila gundi ya soli hukauka kwa kukaa muda mrefu. Kunja kiatu kwa mikono miwili kabla ya kununua, kisha kitembelee mtaani kwako siku mbili tatu. Mwenye kisukari akung'ute kiatu kabla ya kuvaa na aangalie nyayo akirudi, kwa sababu mguu uliopoteza hisia haumwambii kwamba kuna kokoto. Kandambili hapana.

Kuhusu mavazi, ombi langu kwa waratibu wenzangu: msiweke sharti la tisheti. Nimewaona akina mama waliotaka kuja wakarudi nyuma kwa sababu ya bei ya sare. Khanga inatembea, dera linatembea, baibui linatembea, mradi pindo halikanyagwi.

Mwendo upangwe kabla ya kuanza. Mtu aweze kuongea na mwenzake lakini ashindwe kuimba. Hapo mwili unafanya kazi inayotakiwa. Wale waliokulia kwenye mchakamchaka wa shule hupenda kuanzisha nyimbo, na nyimbo zinachangamsha kweli, lakini zinavuta miguu ikimbie bila mwenyewe kujua. Tunaziacha mpaka mwisho, tukiwa tumesimama. Wa polepole wanawekwa mbele, hao ndio waamue kasi. Nyuma kabisa anatembea mtu mwenye nguvu mwenye filimbi, na kanuni yake ni moja: hakuna mtu nyuma yake. Tunahesabiana mwanzo, kila tunapopumzika, na mwisho.

Maji, kila mtu na chupa yake, pamoja na akiba kwa wa nyuma. Choo, mratibu aombe ruhusa mapema kwenye kituo cha mafuta au msikitini. Wanawake wengi huacha kunywa maji kabisa wasipojua watajisaidia wapi. Wakati wa masika uamuzi wa kuahirisha utolewe na mtu mmoja, saa 11 alfajiri, ili watu wasipande daladala bure.

Ijumaa jioni natuma ujumbe: mahali, saa, njia, mle kitu kabla ya kutoka. Halafu nachukua daftari, natafuta majina ya ambao wiki iliyopita hawakuja, napiga simu. "Shikamoo mama. Miguu inaendeleaje? Kesho tunapita ile njia fupi, na wewe utakuwa mbele na mimi."