Ukitaka kitabu huria kisomwe, anza na mhadhiri mmoja

Mwaka wa kwanza nilikosea. Mimi ni mkutubi wa chuo; nilikusanya viungo vya vitabu huria, yaani vitabu vya kiada vya bure ambavyo leseni yake inaruhusu kuvisambaza, nikavipanga kwa masomo, nikakitangazia chuo kizima, kisha nikakaa kusubiri. Wapi! Mwanafunzi husoma kilichoandikwa kwenye muhtasari wa kozi, si kilichopambwa na maktaba.

Siku hizi naanza na mhadhiri mmoja, kozi moja, hasa ile ya mwaka wa kwanza ambayo wanafunzi ni wengi na nakala rafuni ni nne. Naomba muhtasari wake, natafuta mwenyewe kwanza. Kwa sayansi na biashara nafungua OpenStax, mchapishaji wa vitabu huria wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, iliyotoa vitabu vyake vya kwanza mwaka 2012. Nikikosa, nahamia Open Textbook Library, ambako wahadhiri wenyewe huandika mapitio, au LibreTexts, hazina nyingine ya vitabu huria. DOAB, orodha ya mtandaoni ya vitabu huria vya kitaaluma, ni pana, ila humo vimejaa vitabu vya utafiti kuliko vya kiada, naiacha mwisho.

Usimpelekee mhadhiri vitabu sita. Mpelekee viwili, pamoja na karatasi moja ya wiki kwa wiki: wiki ya tatu, sehemu 4.1 hadi 4.3. Kazi yote iko hapo. Kitabu cha mamia ya kurasa hatakisoma wiki hii wala ijayo, lakini karatasi hiyo ataipitia akiwa amesimama mlangoni, na pengo ataliona papo hapo.

Leseni itazame kabla hujaahidi chochote. CC BY, mojawapo ya leseni huria za Creative Commons, inakuruhusu kukata sura, kuongeza mifano yako, hata kuchapisha na kuuza, mradi umtaje mwandishi. Ukiona herufi NC zimeongezwa kwenye jina la leseni, biashara marufuku. SA inakutaka utoe ulichobadilisha kwa leseni ileile. ND, usisambaze ulichobadilisha. Na usidhani tovuti moja ina leseni moja: baadhi ya vitabu vya OpenStax vimetolewa kwa CC BY, lakini vile vya kalkulasi ni CC BY-NC-SA.

Kisha pakua PDF, iweke kwenye seva ya maktaba, na ukiingize kitabu kwenye katalogi. Rekodi za MARC (muundo wa taarifa za kitabu unaosomwa na katalogi za maktaba) za Open Textbook Library ni za bure, usijichoshe kuziandika upya. Faili nzima huielemea simu, kwa hiyo naigawa sura kwa sura.

Kilichotuaibisha muhula mmoja kilikuwa kidogo mno. Mhadhiri alisema, "Fungueni ukurasa wa 214," nusu ya darasa ikabaki inakodolea simu. Toleo linalosomwa mtandaoni halikuwa na namba za kurasa. Tangu hapo karatasi yangu hutaja namba ya sehemu na toleo tu, na nakala moja iliyochapwa hukaa mezani kwangu kwa wale ambao macho yao yamechoshwa na kioo.