Kemia ya jinai: pa kuanzia, mdogo wangu

Unataka kazi ya kupima vielelezo vya kesi maabara? Usisubiri chuo chenye shahada ya kemia ya jinai. Hapa Tanzania unaweza kuingia kwa mlango wa kemia ya kawaida. Kidato cha tano chukua PCB (fizikia, kemia, baiolojia) au PCM (fizikia, kemia, hisabati); chuoni komaa na kemia ya uchambuzi: kromatografia (kutenganisha vilivyochanganyika), spektroskopia (kutambua kitu kwa mwanga) na takwimu. Takwimu wengi huzikimbia, ila wakili wa utetezi ataanzia hapohapo kukuhoji mahakamani.

Halafu jifunze kuandika. Unga unaodhaniwa heroini huja na karatasi zake: nani kaupokea, saa ngapi, lakiri ikoje. Daftari lililofutwafutwa laweza kubomoa kesi hata kama mashine ilisema kweli. Mimi nikikosea nakata kwa mstari mmoja, naweka saini na tarehe. Wino, si penseli!

Mafunzo kwa vitendo omba mapema Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Harufu je, unaivumilia? Chupa ya yaliyomo tumboni mwa marehemu utaifungua wewe.

Nafasi za jinai ni chache, sikufichi. Fuatilia matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, na usidharau TBS (Shirika la Viwango), TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), viwanda vya vinywaji wala maabara za migodini: ujuzi ni uleule.