Jinsi ya kusoma safari ya magma kwenye mawe ya Dodoma

Katikati ya jiwe la graniti hakuna mengi. Habari ziko mpakani, pale magma (mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi) ilipokutana na mwamba mwenyeji, yaani ule uliokuwapo kabla yake, na Dodoma mipaka hiyo iko wazi. Graniti za huku ni sehemu ya kratoni ya Tanzania, yaani kipande cha kale na imara cha ukoko wa dunia. Ziliganda chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, kisha miamba iliyozifunika ikamomonyoka.

Beba nyundo ya jiolojia ya kilo moja hivi, miwani ya kukinga macho, lenzi ya kukuza mara 10, brashi ngumu, rula na maji. Usianzie kileleni: jua na mvua vimeshageuza feldispa, moja ya madini makuu ya graniti, kuwa udongo, na kuvu wa mawe huacha mabaka meusi yanayodanganya wengi. Omba ruhusa kwenye machimbo ya kokoto, au tafuta mahali barabara ilipokata mwamba. Piga mswaki, mwagia maji, ndipo uangalie. Doa linalobanduka kwa brashi si sehemu ya mwamba.

Kwanza tambua madini. Kwatzi ni ya kijivu, kama kioo, na haivunjiki bapa. Feldispa ina nyuso bapa zinazomeremeta ukiligeuza jiwe juani. Vijani vyeusi vinavyobanduka kwa ncha ya kisu ni ulanga mweusi. Madini yenye chuma na magnesi hutangulia kuganda, hivyo magma inayobaki huzidi kuwa na silika, ambayo ndiyo huunda kwatzi. Kwatzi huja karibu na mwisho, joto likiwa limeshuka hadi kama nyuzi 700 za Selsiasi. Ndiyo maana hujaza nafasi zilizoachwa na wenzake.

Sasa tafuta mabonge meusi ndani ya graniti, na hapa usiwe na haraka. Bonge lenye kona kali na mistari inayokatika ghafla ukingoni ni kipande cha mwamba mwenyeji kilichomegeka na kuzama. Kona zikikaa kali hivyo, magma haikuwa na joto au muda wa kukila. Kingo zikiwa zimefifia na ulanga umejaa kandokando, kipande kilikuwa kinamezwa, na magma ikabadilika kwa kukimeza. Kazi hiyo hula joto la magma yenyewe, hivyo haiwezi kumeza mawe bila kikomo. Bonge la mviringo, lenye chembe ndogo na fuwele za feldispa zilizofanana na za graniti inayolizunguka, huwa ni jambo jingine: magma mbili zilikutana zote zikiwa bado laini. Kuita kila bonge jeusi mwamba mwenyeji ndiko kunakoharibu ramani nyingi.

Ukikuta mshipa unaokata mwamba, yaani ufa ambamo magma iliingia ikaganda, pima ukubwa wa chembe kila sentimita 5 kutoka ukingoni hadi katikati. Chembe zikiwa ndogo ukingoni, mwamba ulikuwa baridi ulipopenywa. Zikilingana kote, yaelekea ulikuwa bado moto. Fuwele kubwa za sentimita kadhaa huashiria magma ya mwisho yenye maji mengi.

Ufa ulionyooka usio na madini tofauti ndani yake si mshipa. Ni mpasuko tu. Mshipa halisi ukikata bonge, bonge ndilo la zamani. Andika mpangilio huo papo hapo, piga picha ukiwa umeweka rula, na usiingize mkono kwenye nyufa: nyoka na nyuki hukaa humo.