Mlima ukiwaka wakati wa ugonjwa: patana mapema na kijiji kitakachowapokea

Mimi ni shefu wa nyumba kumi kule Majengo, mtaa wa Goma, mashariki mwa Kongo. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano yetu, Nyiragongo, kulipuka, amri ya kuhama ilipotoka tulishika njia ya mji wa Sake, kilomita kama 25, godoro kichwani. Korona ilikuwa bado ipo. Tulilala watu arobaini kwenye darasa moja, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mvua. Siku ya tatu darasa zima lilikuwa linakohoa. Sake haikuwa kosa. Kosa ni kwamba tulifika bila mtu kutungoja.

Kwa hiyo anzeni na kijiji kabla ya mizigo. Mlima ukiwa umetulia, tumeni mzee mmoja na mama mmoja kwa shefu wa kule, wasiende mikono mitupu. Waulize kila nyumba itapokea familia ngapi, wasiulize watu wangapi. Familia ilale peke yake chumbani, isichanganywe na nyingine. Ugonjwa ukiingia ubaki humo. Andikeni madaftari mawili, moja letu, moja lao: majina, wazee, wajawazito, namba za simu. Mtoto wa jirani yangu tulimpata Minova, mji mwingine kabisa, baada ya siku nne, basi siku hizi tunaandika jina la mzazi na la kijiji ndani ya nguo ya kila mtoto.

Halafu kuna mazuku, gesi ya kuua inayotoka ardhini. Kwa sababu ya ugonjwa utaambiwa ulale nje, penye hewa. Ni kweli, lakini si kila mahali! Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia, na haionekani. Ukikuta panzi na mijusi wamekufa shimoni, ondoka. Wenyeji wanayajua mashimo yao. Tembeeni nao mchana, wawaonyeshe, mpange mawe kuyazunguka, na mahema yakae juu. Mtoto asilazwe chini bondeni hata dakika.

Anayekohoa msimfukuze. Tengeni nyumba moja ya pembeni, chakula kiachwe mlangoni, mhudumu awe mmoja na avae barakoa.

Maji: lava ya 2021 ilivunja mabomba, na wengi walichota ziwani. Bebeni bidoni, dawa ya klorini na sabuni yenu, msimalize ya wenyeji.

Na siku ya kurudi, safisheni choo. Mama aliyetupokea bado ananikumbusha kile tulichomwachia.