Jinsi ya Kuchora Ramani ya Utumwa na Upanuzi wa Marekani, 1820 hadi 1861, Bila Kuupeleka Mstari wa Missouri Usikofika

Jumamosi moja mpwa wangu, aliye mwaka wa kwanza chuoni, alinijia na ramani aliyoichapa kutoka intanetini pamoja na swali la kazi ya nyumbani: aeleze kwa ramani namna upanuzi wa Marekani kuelekea magharibi ulivyochochea ugomvi kati ya majimbo ya kaskazini na ya kusini hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861. Ramani yenyewe ilikuwa na rangi mbili, nyekundu na buluu, na mstari mweusi, yaani ule wa Missouri wa mwaka 1820, uliokata bara zima kutoka Atlantiki hadi Pasifiki. "Mjomba, huu ndio mpaka wa utumwa," akaniambia bila wasiwasi wowote. Mimi mwenyewe nilipokuwa nikisomea ualimu niliuchora mstari huohuo, kisha nikapoteza siku mbili nikijaribu kueleza kwa nini California, ambayo mstari huo unaipasua, iligombewa kana kwamba mstari haupo. Utaratibu ufuatao ndio tuliotumia siku ile, na ndio ninaoutumia darasani.

Hatua ya kwanza: vifaa

Tafuta karatasi moja nene ya msingi, karatasi nne angavu za kunakilia, penseli, rula na kalamu za rangi tatu. Programu za ramani za kompyuta sizipendekezi kwa kazi hii, kwa sababu zinajaza rangi eneo lenye ukubwa wa nchi kwa kubofya mara moja, ilhali mkono unaochoka kupaka rangi huanza wenyewe kuuliza ni nani hasa alikuwa akiishi huko. Wala usijaribu kuonyesha miaka arobaini kwenye karatasi moja. Kilichogombewa ni sheria zilizokuwa zikibadilika juu ya ardhi ileile, na mabadiliko hayo huonekana tu unapoweka karatasi moja juu ya nyingine.

Hatua ya pili: karatasi ya msingi

Chora pwani, mito ya Mississippi, Missouri, Ohio na Rio Grande, na longitudo 100 magharibi. Mipaka ya majimbo ya leo usiitie.

Hatua ya tatu: karatasi ya 1820 na daftari la Seneti

Anza na mto Ohio, kwa kuwa sheria ya 1787 ilikuwa imekataza utumwa katika ardhi iliyo kaskazini-magharibi mwa mto huo. Upande wa mashariki, ongeza mpaka wa Pennsylvania na Maryland uliopimwa na Mason na Dixon kati ya 1763 na 1767, ambao uko karibu na latitudo ya nyuzi 39 na dakika 43. Mpaka huo na mstari wa Missouri ni vitu viwili tofauti, ingawa wanafunzi huwa wanavichanganya kila mwaka.

Pembeni mwa karatasi chora daftari lenye safu mbili, majimbo huru (yasiyoruhusu utumwa) na majimbo ya utumwa, uandike 11 kwa 11. Hiyo ndiyo iliyokuwa hali mwaka 1819, Missouri ilipoomba kuingia katika muungano ikiwa jimbo. Sababu ya kuhesabu Seneti badala ya Baraza la Wawakilishi, sehemu mbili za Kongresi yaani bunge la Marekani, ni kwamba viti vya Baraza vilifuata idadi ya watu, na kaskazini ilikuwa inakua haraka zaidi, hata baada ya katiba kuwaruhusu wenye watumwa kuhesabu tatu ya tano ya watumwa wao wakati wa kugawa viti. Katika Seneti kila jimbo lilikuwa na viti viwili, liwe kubwa au dogo, na kusini iliishikilia mizani hiyo kwa nguvu zote. Ndiyo maana majimbo yalikuwa yakiingia kwa jozi: Maine na Missouri, Arkansas mwaka 1836 na Michigan mwaka 1837, Florida na Texas mwaka 1845 kisha Iowa mwaka 1846 na Wisconsin mwaka 1848. Ukiandika vizuri, mwaka 1848 daftari litasoma 15 kwa 15.

Hatua ya nne: mstari wa nyuzi 36 na nusu

Ukiharakisha hapa, karatasi zote zinazofuata zitaharibika. Mapatano ya Missouri ya mwaka 1820 yalisema mambo matatu: Maine iingie ikiwa jimbo huru, Missouri iingie pamoja na utumwa wake, na katika ardhi iliyobaki ya Louisiana, yaani ile iliyonunuliwa kwa Ufaransa mwaka 1803 kwa dola milioni 15, utumwa upigwe marufuku kaskazini mwa latitudo ya nyuzi 36 na dakika 30, isipokuwa ndani ya Missouri yenyewe. Kosa lote linatokana na kuyaruka maneno "ardhi iliyobaki ya Louisiana". Wakati ule Texas, New Mexico na California hazikuwa za Marekani. Zilikuwa chini ya Hispania, ambayo mwaka 1819 ilikuwa imekubaliana na Marekani mpaka ambao, katika latitudo hiyo, unapita kwenye longitudo 100.

Kwa hiyo weka rula kwenye kona ya kusini-magharibi ya Missouri, vuta mstari kuelekea magharibi, na unyanyue penseli ufikapo longitudo 100. Umechora chini ya kilomita 500. Mpwa wangu alipofika hapo aliniangalia kana kwamba nimemdhulumu sehemu ya ramani yake, akauliza kama rula haikuteleza. Haikuteleza.

Zipo tahadhari nne, na kila moja imewahi kunigharimu. Kwanza, karibu Missouri yote iko kaskazini mwa mstari lakini ni jimbo la utumwa, kwa hiyo ipake rangi ya utumwa, ukikumbuka kwamba kona yake ya kusini-mashariki inashuka hadi latitudo 36. Pili, usiuendeleze mstari mashariki mwa mto Mississippi. Kentucky na Virginia ziko kaskazini mwake na zilikuwa na utumwa, na sheria ile haikuwahusu.

Tatu ni Texas. Azimio la Kongresi la 1845 la kuiingiza Texas lilisema kwamba majimbo yatakayomegwa kutoka kwayo kaskazini mwa nyuzi 36 na nusu hayatakuwa na utumwa. Hapa ndipo mstari unapopata kipande cha pili, ambacho ninakichora kwa vistari vifupi. Mwaka 1850 Texas ilipokea dola milioni 10 ikaachia madai yake ya kaskazini na magharibi, na ukingo wake wa juu ukakatwa kwenye nyuzi 36 na nusu kamili. Tazama ramani ya leo: ukingo huo bado umenyooka kama ulivyokatwa. Juu yake kulibaki ukanda wenye upana wa nusu nyuzi, kati ya longitudo 100 na 103, ambao mpaka wa kusini wa Kansas kwenye latitudo 37 uliuacha nje, na ambao haukuwekwa chini ya jimbo wala eneo lolote hadi mwaka 1890. Leo ndio mkono mwembamba wa Oklahoma. Ninapenda kuwaonyesha wanafunzi ukanda huu kabla ya jambo jingine lolote.

Nne, kulikuwa na majaribio ya kuufikisha mstari Pasifiki. Mwaka 1848 Seneti ilipitisha pendekezo hilo na Baraza la Wawakilishi likalikataa, na Desemba 1860 Seneta Crittenden wa Kentucky alilileta tena bila mafanikio. Ukitaka kuyaonyesha, tumia nukta hafifu za penseli na uandike kando "ulikataliwa". Mstari ungekuwa umeshafika huko, nani angejisumbua kuuombea?

Hatua ya tano: karatasi ya 1850

Weka karatasi angavu ya pili. Ardhi iliyotwaliwa kutoka Meksiko kwa mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa Februari 1848 iache kwanza bila rangi, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa swali. Meksiko ilikuwa imefuta utumwa mwaka 1829. Kusini ilikuwa inadai haki ya kuupeleka mahali ulipokwisha kuondolewa. Pendekezo la mbunge David Wilmot la mwaka 1846, kwamba utumwa usiruhusiwe katika ardhi yoyote itakayopatikana kutoka Meksiko, lilipita katika Baraza la Wawakilishi na kukwama katika Seneti, na hapo ukiyatazama majina ya wapiga kura utaona watu wameanza kugawanyika kwa upande wa nchi badala ya chama.

Sasa, kwa kufuata mapatano ya 1850, paka California rangi ya jimbo huru na ubadilishe daftari: 16 kwa 15. Utah na New Mexico zipake rangi ya tatu, maana yake wakazi wataamua wenyewe. Sheria ya kuwarudisha watumwa waliotoroka, iliyopitishwa katika mapatano hayohayo, haina mahali pake kwenye ramani kwa kuwa ilihusu kila mahali; mimi huiandika ukingoni pamoja na malipo ya kamishna aliyesikiliza kesi, dola 10 akiamua mtu arudishwe utumwani na dola 5 akimwachia.

Hatua ya sita: karatasi ya 1854

Chukua ufutio, ufute mstari wa Missouri kwenye karatasi hii. Sheria ya Kansas na Nebraska ya Seneta Stephen Douglas, iliyoubatilisha mstari huo, ilipita kwa kura 37 dhidi ya 14 katika Seneti na 113 dhidi ya 100 katika Baraza, na maeneo yote mawili yanahamia rangi ya tatu. Tia misalaba miwili midogo huko Kansas: Lawrence, uliovamiwa na wafuasi wa utumwa tarehe 21 Mei 1856, na Pottawatomie, ambapo siku tatu baadaye kundi la John Brown, mpinga utumwa, liliwaua watu watano.

Hatua ya saba: karatasi ya watu

Karatasi ya nne haina sheria, ina watu tu. Tumia sensa ya 1860, iliyohesabu watumwa 3,953,760, ilhali sensa ya 1790 ilipata karibu 700,000. Usipake jimbo zima. Paka wilaya kwa asilimia, kama ilivyofanya ramani ya serikali ya 1861. Utaona rangi nzito ikifuata bonde la Mississippi, ambako katika wilaya ya Issaquena, jimbo la Mississippi, watumwa walikuwa zaidi ya watu 9 kwa kila 10, huku milima ya magharibi mwa Virginia ikibaki nyeupe. Chora mishale kutoka Virginia na Maryland kuelekea Alabama, Mississippi na Louisiana, kwa sababu takriban watu milioni moja waliuzwa au kuhamishwa kwa njia hizo kati ya 1790 na 1860, kwa kufuata pamba. (Kuna mshale mmoja hautoshei kwenye karatasi: sehemu ya pamba ile ilifumwa Massachusetts na kuletwa Unguja, na kitambaa chake wazee wetu wakakiita merikani.)

Kisha andika Utah 29, Nebraska 15, Kansas 2. Hao ndio watumwa waliohesabiwa mwaka 1860 katika ardhi iliyokuwa ikipiganiwa.

Hatua ya nane: jaribio

Ramani ikikamilika, ipitishe safari ya mtumwa Dred Scott. Daktari wa jeshi John Emerson, aliyemmiliki, alimchukua kutoka St. Louis hadi Illinois, ambako utumwa ulikatazwa, kisha hadi ngome ya Fort Snelling, katika Minnesota ya leo, kisha akarudishwa Missouri, ambako mwaka 1846 alifungua kesi akidai uhuru. Weka kidole Fort Snelling. Ngome hiyo iko ukingo wa magharibi wa Mississippi, kwa hiyo imo katika ardhi ya Louisiana, na kilichokataza utumwa hapo ni mstari wa Missouri. Sheria ya 1787 iliishia ng'ambo ya mto. Mpwa wangu aliiweka mashariki, tukarudi hatua ya pili kuchora upya mto.

Tarehe 6 Machi 1857 Mahakama Kuu, kwa majaji 7 dhidi ya 2, ilitamka kwamba Scott hakuwa raia na kwamba Kongresi haikuwa na mamlaka ya kuuweka mstari ule tangu mwanzo. "Mjomba, sasa niufute hata kwenye karatasi ya 1820?" akauliza. Nikamwambia auache, ila kando yake aandike 1857 kwa kalamu nyekundu.