Ufike saa ngapi kwenye maficho ya kupigia picha ndege wa pwani kabla hapajakucha (somo)

Wakuu, kila bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na wa kuandama) likikaribia swali ni lile lile: "Nifike saa ngapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, atakayeuliza tena ataelekezwa hapa. Nazungumzia mabwawa ya chumvi ya Kunduchi, ndiko wengi mnakokwenda, tangu Septemba hadi Aprili, wakati ndege wahamaji wapo.

Jibu fupi: uwe umeketi, umejifunika na umetulia dakika 50 kabla ya jua kuchomoza. Kushuka kwenye bodaboda muda huo hakuhesabiki.

1. Omba ruhusa kwa wenye mabwawa, na umwone mlinzi siku moja kabla. Mtu mwenye mzigo begani gizani ni mwizi mpaka ithibitike vingine.

2. Jua saa ya jua. Dar jua halitoki saa ile ile mwaka mzima. Katikati ya Novemba ni kama saa 11:55 alfajiri, katikati ya Februari kama saa 12:27. Weupe wa kwanza hutangulia kwa dakika 20 na ushei, na hapo ndege anaona kila kitu kinachosogea juu ya tuta.

3. Hesabu kurudi nyuma. Mfano wa Februari: jua 12:27, kwa hiyo uketi 11:37. Kusimamisha stendi ya kamera na kutandaza neti ya kujifunika, dakika 15. Kutembea: chukua muda wa mchana, zidisha mara mbili, maana matuta yanateleza na gizani huoni yalipomomoka. Njia ya dakika 10 inakuwa 20. Ushuke saa 11:02, na bodaboda azime taa na injini mbali, akuache utembee.

4. Maji. Hapa ndipo watu wanapoharibu, kwa hiyo soma taratibu. Ndege hawa hula kwenye tope la ufukweni maji yakipwa. Maji yakijaa tope linafunikwa, nao wanahamia kwenye mabwawa kupumzika. Ukifika mapema kiasi gani, kama bahari imekupwa utakaa na yangeyange wawili mpaka uchoke. Unachotaka ni maji kujaa kukutane na kukucha. Siku yenyewe ya mwezi mpevu au ya kuandama, maji ya usiku hujaa mnamo saa 10 na kitu alfajiri, kwa hiyo jua likitoka yanaondoka na ndege wanaondoka nayo. Kila siku yanachelewa, kwa wastani kama dakika 50. Siku ya pili hadi ya nne baada ya mwezi ndizo zako: yanajaa kati ya saa 11 na saa 1. Wakati wa maji mafu (maji madogo ya nusu mwezi) ni kinyume, alfajiri bahari iko mbali, lala tu.

Tahadhari: jedwali la maji huandikwa kwa saa 24 kuanzia usiku wa manane. 05:20 ni saa 11:20 alfajiri. Tahadhari ya pili: angalia na kimo, si saa peke yake. Maji yasipopanda vya kutosha, mafungu ya mchanga ya nje hayafuniki na ndege wanabaki huko huko.

5. Kaa upande wa mashariki wa bwawa, uangalie bara. Bahari yetu iko mashariki. Ukiangalia baharini asubuhi utapiga vivuli vyeusi. Ila kuna kero moja: alfajiri upepo wa umande hutoka bara, na ndege husimama akielekeza mdomo kwenye upepo, kwa hiyo atakupa mkia. Sogea ubavuni kidogo, kaskazini au kusini ya mstari huo, umpate kwa upande. Kusi au kaskazi ikishashika, atageuka mwenyewe.

6. Tochi ya kichwa yenye taa nyekundu. Neti ya kivuli ya vitalu vya miche, rangi ya tope. Ile ya kijani kibichi juu ya tuta tupu inaonekana kutoka Tegeta.

MASWALI

Mdau wa Mbezi: Kwa hiyo nikifika saa 12 kamili niko sawa?
— Hatua ya 2 na ya 3.

Mdau wa Mbezi: Nimesoma, lakini saa 12 si bado giza?
— Novemba saa 12 jua limeshatoka. Mwezi gani unaenda?

Binti Kigamboni: Shikamoo kaka. Kama mapema ni bora, kwa nini dakika 50 na si saa mbili kabla?
— Marahaba dada, swali zuri. Unapoingia gizani unawashtua waliolala kwenye tuta. Wanazunguka, wanapiga kelele, kisha wanarudi. Wape nusu saa. Dakika 50, pamoja na zile 15 za stendi na neti, zinabeba hiyo na akiba kidogo kabla ya weupe. Ukizidisha sana, mbu wa mikoko na ganzi ya miguu vitakufanya ujigeuze-geuze saa ile ile mwanga unapoingia. Beba kiti cha kukunja kifupi, na upake dawa ya mbu nyumbani, usiishike na mikono halafu ushike lenzi.

Ukonga Boy: Mkuu somo lako lina kasoro. Jedwali lilisema 04:50, nimeenda saa 4:50, bwawa tupu.
— Saa 4:50 asubuhi ni 10:50. Maji yalikuwa yamekupwa. Tahadhari ipo hapo juu, mkuu, tusilaumiane.

Mpiga Picha Sinza: Lenzi yangu huwa na ukungu nusu saa ya kwanza. Imeharibika?
— Hapana. Umelala nayo kwenye kiyoyozi. Kioo baridi kikikutana na hewa ya pwani kinatoa jasho. Usiku huo iache sebuleni, au uifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uufungue ikishapata joto la nje. Usifute-fute, unarudisha unyevu.

Mzee wa Pugu: Na kwa wanyama kama pongo, hesabu ni hii hii?
— Ya mwanga ndiyo, mzee wangu, maji hayahusiki. Linaloongezeka ni harufu. Ndege hatakunusa, pongo atakunusa. Kwa hiyo ingia ukiwa chini ya upepo, hata kama njia ni ndefu, na usikatize kapito anakopita. Pia hifadhini huruhusiwi kutembea usiku kwa miguu, uliza kwanza wahusika.

Binti Kigamboni: Stendi yangu imeanza kukwama viungo.
— Chumvi hiyo. Fungua miguu yote vipande vipande, suuza kwa maji ya bomba siku ile ile, ianike kivulini ikiwa wazi. Kupangusa nje peke yake hakusaidii.